Kubangaiza kwa Kiingereza: kitenzi kipi kwa shida ipi

Kabla ya kuchagua kitenzi cha Kiingereza cha kuelezea kubangaiza, jiulize swali moja: mwisho wake jambo lenyewe lilifanikiwa au la? Kiswahili kinakuruhusu kusema "tumehangaika" ukaacha msikilizaji aelewe mwenyewe. Kiingereza kinataka ujulishe.

Kama lilifanikiwa, tumia "manage to". "We managed to catch the boat to Nansio": meli mmeiwahi, japo kwa kukimbizana. "Struggle to" inataja mahangaiko tu, na mwisho wake inauacha hewani. Mzazi akiiandikia shule "I struggled to pay the fees", mhasibu hajui kama ada imeingia au bado. Malizia sentensi: "I struggled to pay the fees, but I paid them all in May." Ugumu ukiwa ni kitu badala ya tendo, weka "with": "She is struggling with mathematics."

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. "Niliweza kuiwahi meli" tunaigeuza kuwa "I could catch the boat", na Mwingereza anaelewa kwamba nafasi ilikuwepo, labda hukuitumia. Kwa tukio moja lililofanikiwa zamani, andika "managed to" au "was able to". Kwenye ukanushi hakuna tatizo: "I couldn't catch the boat" ni sawa kabisa. Usisahau pia ile "to" na kitenzi kinachoifuata. "I managed the exam" inaweza kueleweka kwamba mtihani uliusimamia. Sema "I managed to pass the exam". Na mtu akitaka kukubebea ndoo ya dagaa nawe unaimudu, jibu "I can manage, thank you." Ni jibu la heshima.

Kwa maisha ya kila siku kuna "get by", na kazi yake kubwa iko kwenye kihusishi kinachofuata. Kwa fedha au chakula ni "on": "They get by on 5,000 shillings a day." Kwa kifaa ni "with": "We get by with one lamp." Kwa lugha ni "in": "I can get by in English." Hiyo ya mwisho usiiweke kwenye barua ya kuomba kazi hotelini, maana inamwambia mwajiri kwamba Kiingereza chako ni cha kuombea maji tu. Andika "I have a working knowledge of English."

Hali ikiwa ngumu zaidi, yaani kinachopatikana leo kinaishia leo, ni "scrape by". Usiichanganye na "scrape through", ambayo ni ya kupita kwa tundu la sindano: mtihani, usaili, kura. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne na pointi 33, pointi ya mwisho kabisa ya daraja la nne, "scraped through". Aliyepata pointi 20 hawezi kusemwa hivyo hata kama alikesha usiku kucha. Yeye "managed to get Division Two". Kinachopimwa ni ukaribu wa kufeli, jasho halihesabiwi.

Umeenda sokoni Kirumba, sato hakuna, ukarudi na dagaa? "There was no tilapia, so we made do with dagaa." "Make do with" ni kukubali kilichopo badala ya ulichokitaka. "With" haiachwi kitu kinapotajwa, na wakati uliopita ni "made do", kamwe si "make did".

Wavuvi wa dagaa wanaifahamu vizuri hali ya kitenzi kinachofuata. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikikolea taa haiwavuti tena, mitumbwi inapumzika na nyumbani fedha inakata. Mkopo mdogo wa kuvusha siku hizo: "This loan will tide us over until the boats go out again." Mtu anayevushwa anakaa katikati, "tide us over". Ukiandika "tide over us" umeiharibu.

"Make ends meet" ni kumudu mahitaji kwa kipato ulichonacho. "Make" hufuata wakati ("made ends meet"), lakini "ends meet" haibadilishwi hata herufi moja: si "make the ends to meet", si "make ends meets". Kiima chake ni mtu, si mshahara. "My salary cannot make ends meet" irekebishe iwe "I cannot make ends meet on my salary." Mara nyingi inatanguliwa na "struggle to" au "can hardly".

Hiyo "hardly" tayari ina ukanushi ndani yake, sawa na "barely". "I can't hardly pay rent" ni kukanusha mara mbili, toa "not". Wala haina undugu wa maana na "hard": "He works hard" anajituma, "He hardly works" kazi anaigusa kwa nadra.

"Cope with" ni kustahimili mzigo: wagonjwa wengi, foleni, msiba. Sisi tumezoea kuongeza "up" katikati, "cope up with". Ifute. "Muddle through" ni kufika bila mpango, iache kwenye mazungumzo, isiingie kwenye ripoti. "Pull through" ni kupona ugonjwa uliotishia uhai: "The doctors say she will pull through." Na "eke out", inayotamkwa "iik aut", karibu kila mara utaikuta na "a living": "They eke out a living from a small plot near the lake."