Somo: Kutangaza biashara mtandaoni ukiwa peke yako, bila kukesha na simu

Asalaam aleikum wanachama. Swali lenu la wiki hii ni lile lile kwa vinywa tofauti: mtu yuko peke yake, ndiye mpishi, ndiye mfungaji, ndiye mpeleka mzigo gatini, kisha aambiwa kila siku aonekane WhatsApp, Instagram, Facebook na TikTok. Hawezi, wala hana haja. Mimi nauza achari na viungo hapa Langoni, Lamu, na kazi yote naifanya mwenyewe. Nishikacho ni hiki: pale mteja anapolipa ndipo pa kujenga duka. Kwengine kote ni dirisha tu.

Hatua ya 1: Anza na M-Pesa. Fungua jumbe za malipo za mwezi uliopita. Kila jina liulize limekujaje: alipita mlangoni, alielekezwa na shangaziye, aliona stetasi, au alikukuta Instagram? Andika kwenye daftari. Wengi wetu tutaona WhatsApp imetangulia, kwa kuwa wanunuzi wetu ni jamaa, na jamaa wa jamaa, walioko Mombasa na Nairobi. Mwenye mashua au vyumba vya wageni Shela atapata jibu jengine. Usichukue la jirani.

Hatua ya 2: Panga duka lako ndani ya WhatsApp Business. Programu hii ilitoka mwaka 2018 na ni ya bure. Hapa ndipo pa kutumia muda wako, kwa sababu ukipapanga vizuri mara moja, papo kazini hata wewe ukiwa jikoni.

Weka bidhaa kwenye katalogi, yaani orodha ya bidhaa ndani ya programu hiyo, na kila bidhaa iwe na bei. Najua kuna wanaoandika "bei njoo inbox". Mimi siafiki. Mtu aliye ndani ya matatu Nairobi hana subira ya kuulizana, na atakayeulizwa ni wewe, mikono ina pilipili. Bei ikiwa wazi, anayekuandikia ameshaamua nusu.

Kisha tengeneza majibu ya haraka, yaani maneno unayoyahifadhi tayari ili usiyaandike upya. Langu la mzigo linasema: "Mzigo unavuka kwa boti hadi Mokowe, kutoka hapo ni basi la Mombasa. Nauli ya mzigo ni juu ya mnunuzi." Naandika alama ya mkwaju (/) na neno moja, maneno yote yanatokea. Mwisho lebo, alama za kubandika kwenye mazungumzo ya kila mteja: hajalipa, amelipa, mzigo umeondoka. Lebo hizi zimeniokoa ugomvi zaidi ya tangazo lolote.

Hatua ya 3: Piga picha za wiki nzima kwa mkupuo. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene na giza ndani, na taa ya simu huifanya achari ionekane kama oili ya injini. Toa vitu barazani asubuhi, jua likiwa bado pole. Piga chupa ikiwa imefungwa, ikiwa wazi, kijiko kikichota, na kifurushi tayari kwa safari. Zinatosha.

Wateja usiwapige picha bila idhini yao. Kwetu ni aibu hata bila sheria, na sheria nayo ipo: ile ya kulinda data, ya mwaka 2019. Mwaka 2023 mahali pa burudani Nairobi palitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia.

Hatua ya 4: Kila kitu na mahali pake. Stetasi huishi saa 24, basi iwekee jambo la leo: embe zimefika, chupa zimebaki chache, boti inaondoka kesho. Instagram iwekee yanayodumu. Bandika juu posti tatu: unauza nini, analipaje, mzigo unamfikiaje. Ukitumia Meta Business Suite, programu ya kampuni yenye Instagram na Facebook, unaweza kuzipanga posti za Instagram na Facebook pamoja, zikatoka zenyewe siku unayotaka. TikTok, kama huipendi, iache.

Na fuata kalenda ya huku. Maulidi, Ramadhani na msimu wa embe tangaza mapema, si siku yenyewe. Kusi ikivuma na bahari ikachafuka, waambie watu mzigo huenda ukachelewa kabla hawajauliza.

Hatua ya 5: Funga duka. Weka ujumbe wa kutokuwepo, ule unaojituma wenyewe mtu akikuandikia, kuanzia saa mbili usiku. Watangoja.

Maswali ya wanachama

*Mshona kofia za vito: Kofia moja yanichukua miezi. Kila wiki nitaonyesha nini?*
Onyesha hiyo hiyo, dada. Leo kitambaa kimechorwa, wiki ijayo vitobo vya kwanza, kisha upande mmoja umekamilika. Mtu akiiona inavyokua hatashangaa bei. Wengine wataagiza ingali mikononi mwako.

*Nahodha, Shela: Wageni wangu wa Ulaya hawanijui, stetasi yangu wataionaje?*
Hawataiona, kaka. Dirisha lako ni ramani ya Google. Sajili safari zako huko, ni bure, weka picha na namba ya WhatsApp. Mgeni akishuka mashuani akiwa bado anacheka, mwombe aandike maoni papo hapo. Akishapanda ndege amekusahau.

*Muuza halua, Malindi: Natuma ujumbe kwa orodha ya matangazo (broadcast) ya WhatsApp, wengine wasema hawapati.*
Asiyehifadhi namba yako kwenye simu yake hapokei, na orodha moja haizidi watu 256. Mteja akilipa, mwombe akuhifadhi hapo hapo. Ila usiwatumie kila siku, bibi, watakuzuia.

*Mfuma mikeka, Matondoni: Nilipie tangazo?*
Bado. Tangazo huleta maswali, na maswali yanajibiwa na wewe. Katalogi ikikamilika, na ukiwa na mikeka iliyo tayari kuuzwa, jaribu pesa ambayo hutaililia.

*Huyo huyo: Na wanaoagiza wakapotea?*
Arbuni, mama. Nusu kabla ya kuanza kusuka, salio kabla mkeka haujapanda boti. Liandike kwenye majibu ya haraka, haya isikuzuie kulisema.