Kusoma Riwaya za Kasri ya Henry VIII Bila Kupotea Njiani

Kinachomshinda msomaji mgeni katika riwaya hizi ni majina. Henry VIII wa Uingereza alitawala kuanzia 1509 hadi 1547 na kuoa wake sita: akina Catherine watatu, akina Anne wawili, Jane mmoja. Wanaume nao ni Thomas juu ya Thomas: Wolsey, More, Cromwell, Cranmer, Boleyn, Wyatt. Yupo pia Thomas Howard, ambaye mara nyingi hutajwa kwa cheo tu, Duke wa Norfolk, na asiyejua huhesabu watu wawili.

Dawa yake ni karatasi moja ya daftari, iliyokunjwa na kukaa ndani ya kitabu kama alamisho. Upande wa kwanza andika jina la ukoo, kisha cheo, na uache nafasi mbele ya cheo kwa kuwa vyeo hubadilika: Anne Boleyn alipewa cheo cha Marquess wa Pembroke Septemba 1532, na Juni 1533 akavikwa taji la malkia. Majina ya kwanza ya wanaume yaache kabisa. Watu 12 wanatosha; watumishi na wajumbe wengine waache wapite.

Upande wa pili andika undugu, tena kwa Kiswahili. Hapa tuna bahati, maana Kiingereza kina neno moja tu kwa ndugu wa kiume wa baba na wa mama, na riwaya haitakueleza zaidi. Norfolk alikuwa mjomba wa Anne Boleyn, lakini kwa Catherine Howard, mke wa tano, alikuwa baba mkubwa. Basi malkia hao wawili walikuwa mabinamu, na mjomba huyohuyo ndiye aliyeongoza kikao kilichomhukumu Anne kifo Mei 1536. Catherine wa Aragon, mke wa kwanza, alikuwa mama mdogo wa Charles V, Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma. Mwaka 1527 majeshi ya Charles yaliiteka Roma na Papa Clement VII akawa mikononi mwao, wakati uleule Henry alipotaka ndoa yake na Catherine ibatilishwe. Ukiandika "mama mdogo" kwenye karatasi yako, huhitaji kusoma maelezo marefu ya kwa nini Papa alisitasita.

Hoja yenyewe ya Henry ifungue kwenye Biblia kabla ya kuanza. Catherine alikuwa mjane wa Arthur, kaka yake Henry, aliyefariki 1502. Mambo ya Walawi 20:21 inakataza kumtwaa mke wa ndugu. Kumbukumbu la Torati 25:5 inaagiza mjane asiye na mwana aolewe na ndugu wa marehemu. Aliyewahi kusikiliza ukoo ukibishana juu ya kurithi mjane ataielewa kesi hii upesi.

Kisha fuata milango. Kasri ilipangwa vyumba nyuma ya vyumba: ukumbi mkubwa, chumba cha walinzi, chumba cha hadhara chenye kiti cha enzi, halafu chumba cha faragha walikoingia wachache. Tukio jipya likianza, jiulize wahusika wapo mlango wa ngapi. Mkuu wa chumba cha faragha ndiye aliyemhudumia mfalme hata chooni, na kazi hiyo iligombewa na watu wa heshima kwa sababu ilimpa mtu sikio la mfalme bila shahidi. Henry Norris aliishika; aliuawa 1536 akituhumiwa kuzini na Anne. Upande wa malkia mambo yalikuwa hivyohivyo: Anne Boleyn alikuwa mpambe wa Catherine wa Aragon, Jane Seymour akawa mpambe wa Anne, na Catherine Howard akawa mpambe wa Anne wa Cleves. Mpambe mpya akiingia kwenye sura, mwandike.

Usikatize usomaji kwenda kuhakiki kila kitu kwenye simu. Weka alama ya penseli, uhakiki sura ikiisha. Tarehe ndizo zinazowachanganya wengi: mwaka wa Kiingereza wakati huo ulihesabiwa kuanzia 25 Machi, kwa hiyo Catherine Howard, aliyekatwa kichwa 13 Februari 1542 kwa hesabu yetu, kwenye hati za siku zile yupo 1541. Hilo si kosa la mwandishi. Malkia akinyweshwa chai, hapo kweli mwandishi kalala. Chai ilifika Uingereza katika karne iliyofuata.

Ukimaliza riwaya moja, tafuta ya pili inayomtetea uliyemchukia katika ya kwanza, hasa More au Cromwell, wote wawili mawaziri wa Henry. Tofauti zinatokana na mashahidi wenyewe. Mengi tunayoyajua ya kasri ile yamo katika barua za Eustace Chapuys, balozi wa Charles V, aliyekuwa upande wa Catherine na kumwita Anne hawara.

Maelezo ya mwandishi mwishoni mwa kitabu yasome mwisho, ukiwa na karatasi yako mkononi, uone nani alibuniwa. Na ukikuta Anne mwenye vidole sita, jua kisa hicho kimetoka kwa Nicholas Sander, adui wa Malkia Elizabeth, binti wa Anne, katika kitabu kilichochapwa 1585.