Kete za poka kwa anayeanza: jinsi ya kununua seti nzuri bila kupigwa

Wadau, neno moja kabla sijaanza. Mi naita kete, siiti chipsi, maana siku moja niliingia duka moja Kariakoo nikauliza kama wana chipsi za poka, jamaa akaninyooshea kidole banda la chipsi mayai ng'ambo ya barabara, na wala hakuwa anatania. Kwa hiyo kete. Zile duara za rangirangi mnazosukuma katikati ya meza kama dau mkicheza Texas Hold'em, ile poka ya karata inayochezwa sana.

Sisi tunacheza nyumbani Jumamosi, watu wanane wakitimia, na hatuchezi kwa hela. Wa kwanza kutoka anaenda kununua barafu na mishkaki. Ya hela yana leseni zake na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, mi sipo huko. Ila hata mchezo wa mishkaki unahitaji kete zinazoeleweka, na seti yangu ya kwanza nilipigwa vizuri tu: kete 500, nzito, sanduku la alumini linang'aa kama la kwenye muvi, nikaona nimepata. Kumbe hazina namba hata moja. Ilipofika saa nne usiku mmoja anasema bluu ni 50, mwingine anakomaa bluu ni 500, na aliyeandika kile kikaratasi cha bei za rangi kashalala kwenye kochi.

Hatua ya 1: usinunue kwanza

Chezeni wiki nne tano na vizibo vya soda, vilevile tunavyochezea drafti mtaani. Vya rangi moja viwe 25, vingine 100, maharage yawe 500. Inachekesha ila utajua mambo mawili ambayo hakuna muuzaji atakwambia: watu wangapi wanakuja kweli (sio waliosema watakuja), na kama mnapenda mashindano ya kutoana mpaka abaki mmoja au mnapenda kucheza tu mtu anaingia na kutoka anavyotaka. Seti ya mashindano na seti ya mchezo huru hazifanani, ukinunua kabla ya kujua hili unanunua bahati nasibu.

Hatua ya 2: piga hesabu ya meza yako

Hapa ndipo hela inapookolewa, tulia kidogo. Watu wengi wanaanza na swali la "ninunue 300 au 500" kwa sababu ndivyo zinavyouzwa. Anza na mtu mmoja. Mpe kila mchezaji 5,000 hivi: kete 8 za 25, kete 8 za 100, kete 4 za 500 na kete 2 za 1,000. Jumlisha mwenyewe, 200 na 800 na 2,000 na 2,000. Hizo ni kete 22 tu, na mkianza blaindi, yaani yale madau ya lazima ya wachezaji wawili kabla ya kuanza kila mkono, ndogo 25 na kubwa 50, basi kila mtu ana mara 100 ya blaindi kubwa mbele yake, anacheza kwa raha bila presha.

Watu wanane mara 22 ni kete 176. Sasa ongeza za akiba, maana blaindi zikipanda zile za 25 zinakuwa uchafu mezani na lazima uzitoe uwape watu kubwa, halafu kuna yule anayetoka mapema anaomba arudi. Mi ningeagiza hivi: za 25 kete 64, za 100 kete 68, za 500 kete 40, za 1,000 kete 28. Jumla 200. Ukitoa zile 64 za 25 zina thamani ya 1,600, unarudisha tatu za 500 na moja ya 100, imeisha. Baadaye ukitoa za 100 zote unarudisha sita za 1,000 na moja ya 500. Akiba bado inatosha mtu mmoja kurudi mezani. Kwa hiyo watu wanane mnacheza vizuri na kete 200, na mi nilinunua 500 ambazo nusu yake hazijawahi kutoka kwenye sanduku.

Ila angalia mtego. Seti za 300 na 500 zilizofungwa tayari mara nyingi zimejazwa zile za thamani ndogo, nyeupe na nyekundu kibao, kubwa chache. Muulize muuzaji mgawanyo kabla ya kulipa, na kama anakubali kuuza kwa rangi unayotaka huyo ndio wako hata kama kete moja inazidi bei kidogo.

Hatua ya 3: namba

Chukua zenye namba, zisizo na alama ya dola wala ya hela yoyote. Kwa mashindano ni pointi tu, mkianza kuona dola kuna mtu atataka iwe dola. Rangi fuata mazoea ya Marekani kama unaweza: 25 kijani, 100 nyeusi, 500 zambarau, 1,000 njano, sio sheria ila mgeni akija haulizi sana. Kwetu ya 500 ni jero na ya 1,000 ni buku, hakuna aliyefundishwa.

Halafu rangi ziangalie kwenye mwanga mlionao. Dukani chini ya taa nyeupe zambarau na nyeusi ziko mbalimbali, umeme ukikatika mkawasha taa ya chaji utashangaa zinavyofanana. Zenye mabaka ya rangi nyingine pembeni zinasaidia sana maana zikiwa zimepangwa unachokiona ni ule ukingo, namba haionekani.

Hatua ya 4: usinunue uzito

Hili ndilo nataka likukae. Tangazo litakwambia "gramu 14, udongo halisi, kama za kasino." Sasa sikiliza, kete za kasino zenyewe nyingi ziko kati ya gramu 8.5 na 10. Zile za 11.5 mpaka 14 zinazouzwa kwa ajili ya nyumbani ni plastiki yenye kipande cha chuma katikati, hicho ndicho kinaleta uzito. Peleka sumaku, mara nyingi inanasa. Udongo wa kweli wa kubana kwa mashine upo, kampuni kama Paulson inatengenezea kasino, na huo sio wa bei ya kuanzia, usijisumbue.

Sisemi za chuma ni mbaya. Zinadumu, zinaanguka sakafuni hazivunjiki, zina mlio. Ila usilipie gramu ukidhani unalipia ubora. Zipo pia zinazoitwa za kauri, gramu 10 hivi, ambazo chapa imeingia kwenye kete yenyewe mpaka ukingoni, hakuna stika ya kubanduka. Bei juu kidogo ila kama unanunua 200 badala ya 500 inawezekana kabisa ukazipata kwa hela ileile. Zile za plastiki nyepesi za gramu tatu nne achana nazo, ukipuliza feni zinahama.

Upana wa kawaida ni milimita 39. Zikiwa ndogo zaidi hapo ni toi.

Hatua ya 5: omba sampuli uzijaribu

Omba hata kumi, ishirini ndio bora. Zipange ishirini wima kwenye meza iliyo sawa, zikiyumba au mnara ukiinama kama mlevi jua zimebonyea katikati. Pitisha kidole gumba ukingoni, ukikuta vijinyama vya plastiki vimebaki vinakwaruza, hapana. Lowesha kidole usugue stika kwa nguvu, ikijikunja leo basi mwezi ujao utakuwa na kete zisizo na namba, tumerudi palepale kwangu. Na pima urefu: minara miwili ya ishirini ikipishana kwa kete nzima hutaweza kuhesabu kwa macho, na kuhesabu kwa macho ndio raha yote ya kete.

Hatua ya 6: usafiri na sanduku

Kete ni ndogo halafu nzito, kwa hiyo ukiagiza China kwa ndege wakala anakuchaji kwa kilo na hapo ndipo maumivu. Kete 500 za gramu 14 ni kilo 7 kabla ya sanduku. Kete 200 za gramu 10 ni kilo 2. Natolea mfano tu, kilo ikiwa shilingi 10,000 hiyo ni 70,000 dhidi ya 20,000, tofauti inakununulia pakiti mbili za karata za plastiki za maana. Kwa meli wanachaji kwa ujazo, inakuwa nafuu ila subira. Sanduku la alumini liache, vile vitasa vinafia njiani. Tafuta trei za plastiki zinazobeba kete 100, mistari mitano ya ishirini, ukiangalia tu unajua kama kuna iliyopotea.

Hatua ya 7: zioshe

Mpya zina utelezi wa kiwandani, mnara unamwagika ukigusa meza. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo tone, mswaki laini wa zamani, kausha kwa kitambaa moja moja. Zenye stika usiziloweke, futa tu kwa kitambaa kibichi. Halafu hesabu kabla wageni hawajaaga, ikipungua moja anza na chini ya kochi, kwangu ya 1,000 ilikaa humo miezi miwili.