Muvi za Kifaransa: jinsi ya kuanza, na jinsi ya kumpa mtu bila kumharibia jumapili

Nianze na kosa langu. Nilimpa shemeji muvi inaitwa Amour, ya 2012, nikamwambia shem hii ni ya mapenzi, jina lenyewe maana yake mapenzi, imebeba tuzo kubwa Cannes, lile tamasha la muvi la Ufaransa, kaa na bro muiangalie jumapili mkiwa mmetulia. Mimi mwenyewe sijaiona, nimeona jina na zile tuzo tu. Kumbe inaanza na zimamoto wanavunja mlango, wanamkuta bibi amekufa kitandani na maua yamemzunguka, halafu inarudi nyuma, mke kapooza, mume mzee anamuuguza humo humo ndani mpaka mwisho. Na wiki hiyo mama yake shem ndo alikuwa katoka kulazwa. Akanijibu meseji moja tu, "asante shem".

Kwa hiyo la kwanza kabisa, usimpe mtu muvi ambayo hujaiona. Tuzo hazikwambii muvi inamfaa nani.

La pili, usiogope, maana muvi za Wafaransa umeshaziona sana bila kujua. Taken ya 2008 kaiongoza Mfaransa, Pierre Morel, na pesa na wazo vilitoka kwa Luc Besson, Mfaransa mwenzake, ambaye yupo pia nyuma ya Transporter. Kingereza tu ndo kilikuzuga. Sasa mtu anayependa hizo usimrukishe moja kwa moja kwenye muvi za watu wanaovuta sigara dirishani, mpe Banlieue 13, ya 2004, Morel huyo huyo. Mwanzoni tu jamaa anamwaga unga, yaani madawa ya kulevya ya magenge, kwenye beseni la kuogea, wanamjia, anakimbia, anapita madirishani, anaruka paa hadi paa, na anayeruka ni David Belle, mmoja wa walioanzisha ule mchezo wa parkour. Haifiki hata saa moja na nusu. Akimaliza mpe Taxi ya 1998, dereva wa Marseille na Peugeot 406 nyeupe anawasumbua majambazi wa Kijerumani wenye Mercedes. Hapo hata sabtaito mtu anasahau kama anasoma.

Kuhusu sabtaito sasa, hapa ndo wengi wanakwama. Ukifungua Netflix inaweza ikakuwekea sauti ya Kingereza iliyoingizwa juu, midomo inaenda huku maneno yanaenda kule, mtu anasema muvi mbaya kumbe hajaisikia. Ingia kwenye sehemu ya sauti, chagua Kifaransa chenyewe, chini weka maandishi ya lugha unayosoma haraka. Kama muvi iko kwenye flashi na unatumia VLC, ile programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta ya Windows, faili la sabtaito lipe jina lile lile la muvi, liweke folda moja, litajifungua lenyewe. Maneno yakichelewa kuliko midomo bonyeza G, yakiwahi bonyeza H, kidogo kidogo mpaka yakae. Na kaa na simu mbali, muvi ya kusoma huwezi kuiangalia huku unachati, ukiinua macho tayari mtu kapigwa risasi na hujui kwa nini.

Na wewe unayejua Kifaransa cha shule, labda umesoma Bujumbura au Goma, usijiamini sana ukifika kwenye muvi za mitaani. Vijana wa pembeni ya Paris wanageuza maneno, femme inakuwa meuf, flic, yaani askari, inakuwa keuf. Ni kinyume kama kile tulichokuwa tunaongea utotoni wakubwa wasitusikie. Kiko kibao kwenye La Haine ya 1995, ambayo ukiniuliza mimi ndo bora kuliko zote ninazozitaja hapa. Iko nyeusi na nyeupe, washkaji watatu, siku moja tu, saa inaonekana kwenye skrini inavyosogea. Rafiki yao yuko mahututi kwa kipigo cha polisi, mmoja wao kaokota bastola ya askari na ameapa jamaa akifa naye anaua askari. Unakaa dakika tisini na kitu ukisubiri hiyo bastola tu.

Kitu cha kumwambia mtu mapema: huku hakuna steringi hafi. Steringi anaweza akafa, anaweza akawa mtu wa hovyo, au muvi ikaisha na hujui mwenye kosa nani. Anatomie d'une chute, ya 2023, mume anakutwa kaanguka nje ya nyumba kafa, mke anapelekwa mahakamani, saa mbili na nusu, na ukimaliza mnabishana nyumbani mpaka usiku. Hiyo mpe anayependa kesi, pia inasaidia kwamba kuna sehemu nyingi wanaongea Kingereza. Usiropoke mwisho, ila mwambie "usisubiri kuambiwa kila kitu", la sivyo atakulaumu kwa bando lake.

Kingine, sebuleni kuna wazazi? Pita nayo yote mwenyewe kwanza. Wenzetu hawa mambo ya kuvua nguo wanayaweka katikati ya chai bila taarifa, na rimoti huwa haionekani siku hiyo.

Namna ya kumpa mtu: moja tu, usimtumie orodha ya muvi kumi, hataangalia hata moja. Na usimsimulie stori yote, msimulie kipande kimoja. Intouchables ya 2011 mimi huwa nasema hivi: jamaa mweusi anaendesha Maserati usiku kwa fujo, pembeni kuna tajiri aliyepooza shingo kushuka chini, polisi wanawasimamisha, tajiri anajifanya kifafa, povu linatoka, polisi wale wale wanawasindikiza hospitali kwa ving'ora na wao ndani ya gari wanacheka. Basi. Hapo kila mtu anataka kujua hao ni nani. Huyo jamaa ni Omar Sy, yule wa tamthilia ya Lupin, na kwa muvi hii akawa mweusi wa kwanza kuchukua César, tuzo kubwa ya muvi ya Ufaransa, ya mwigizaji bora wa kiume, lakini hayo mwambie akishaimaliza.

Nilimtumia na shem pia. Hakuuliza inahusu nini. Akaandika, "wewe umeiona?"