Kuunganisha thamostati na waifai ya nyumbani: anza na waya, simu baadaye

Kila mwaka ikifika Oktoba, baridi ya Minnesota ikianza kubisha hodi, simu yangu haitulii. "Fundi, nimenunua thamostati ya kisasa, nimeifunga mwenyewe, waifai inakataa." Thamostati ni kile kifaa cha ukutani kinachoamuru hita na AC ziwake au zizime. Umeme nilisomea VETA Tanga, huku kazi yangu ni hita na AC za majumbani, na Waswahili wa Brooklyn Park wameshanizoea. Naandika hapa yale ninayowaambia wote, ili siku ukinipigia tuanzie mbele.

Kwanza ondoa wasiwasi: nyumba haipoi kwa sababu waifai imekatika. Amri ya kuwasha hita inapita kwenye waya zilizomo ukutani, haipiti hewani. Intaneti ikizimika bado utapandisha joto kwa kidole palepale thamostati ilipo. Waifai inakupa ya ziada: kubadili joto kwa simu ukiwa kazini, kupanga ratiba bila kuhangaika na vitufe, na kupata taarifa nyumba ikipoa kupita kiasi wakati familia nzima iko Moshi kwa Krismasi. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona la thamani. Hita ikizima Januari na hakuna mtu nyumbani, maji yanaganda ndani ya mabomba, mabomba yanapasuka, na siku utakayorudi utakuta beisimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, imejaa maji.

Kabla hujalipa dukani, fungua kifuniko cha thamostati uliyonayo. Ukikuta waya nyembamba za rangi mbalimbali, kila moja imebanwa penye herufi yake, huo ni umeme wa volti 24 na unaweza kuendelea. Ukikuta waya mbili au nne nene, zimesokotwa pamoja na kuvishwa vikofia vya plastiki, rudisha kifuniko taratibu. Hapo una hita zile ndefu za umeme zinazokaa chini ya dirisha, na umeme wake ni volti 120 au 240. Thamostati ya kawaida ukiifunga hapo itaungua, na wewe unaweza kuumia vibaya. Zipo zilizotengenezwa kwa umeme huo, ila muite fundi. Na kama umepanga, mwulize mwenye nyumba kwanza, hata kama ukuta unauona ni wako.

Sasa waya. Watu wanafikiri waifai ikikataa, kosa liko kwenye ruta. Mimi naanzia ukutani, kwa sababu mara nyingi thamostati yenyewe ina njaa ya umeme. Zima breka ya hita kwenye boksi la umeme, na zima pia ile swichi iliyo ubavuni mwa hita, inayofanana na swichi ya taa. Piga picha ya waya kabla hujagusa hata moja. Picha, usitegemee kumbukumbu, na usifuate rangi, fuata herufi. R ni umeme unaotoka kwenye transfoma. W ni joto, Y ni AC, G ni feni. C ndiyo njia ya umeme kurudi, na hiyo ndiyo yenye maneno. Ukiona herufi O/B una mtambo wa aina nyingine, unaotoa joto na baridi kwa mashine moja. Fuata kitabu chake kwa makini au uniachie mimi.

Thamostati za zamani zilitumia betri au hazikuhitaji umeme wowote wa kwake, kwa hiyo nyumba nyingi hazina waya wa C uliounganishwa. Thamostati ya kisasa ina kioo na redio ya waifai, inakula umeme saa zote. Isipopata C, baadhi zinajichaji kwa kudokoa umeme kwenye waya wa joto au wa AC. Wakati wa baridi kali hita inafanya kazi mfululizo, mambo yanakwenda. Lakini Oktoba kuna wiki ambazo AC imezimwa na hita haijahitajika, betri ya ndani inashuka, na thamostati inakata waifai kwanza ili ijiokoe. Wewe unaona "imepotea kwenye mtandao" na unaanza kuilaumu ruta. Ukiwa na Nest, thamostati ya Google, ingia kwenye mipangilio utafute sehemu ya taarifa za kiufundi, usome volti za betri, ziwe 3.8 au zaidi. Zikiwa chini, toa kichwa chake ukutani. Nyingine zina tundu la USB mgongoni, unaichaji kwa chaja ya simu. Hiyo itakupa siku chache, dawa yenyewe ni C.

Angalia vizuri ndani ya tundu la ukuta. Mara nyingi kuna waya mmoja wa ziada, kwa kawaida wa buluu, umekunjwa na kusukumwa nyuma bila kazi. Ukiupata una bahati, lakini usiishie kuubana kwenye C ya thamostati tu. Fungua hita, tafuta ule waya upande wa pili, uubane kwenye C ya bodi ya umeme ya hita. Upande mmoja bila mwingine ni mapambo. Kama hakuna waya wa ziada, thamostati nyingi za kampuni ya ecobee huja na kifaa kidogo cha kuongeza umeme ndani ya boksi, na madukani kuna adapta ya volti 24 unayochomeka kwenye soketi. Waya wa adapta utaonekana ukutani. Mke wangu hauvumilii, mimi naona hauna ubaya.

Ukiwa kwenye hita, chunga R isiguse C. Zikigusana na umeme upo, fyuzi kwenye bodi inakatika. Ni fyuzi ya plastiki kama ya gari, ya zambarau kwa amp 3 au ya kahawia hafifu kwa amp 5, inauzwa bei ya soda. Na ukimaliza, funga mlango wa hita mpaka ukae sawasawa. Pale kuna kiswichi kidogo cha usalama; mlango ukilegea, umeme wote unakata na thamostati inabaki giza. Nimeitwa sana kwa ajili ya mlango tu.

Kioo kikiwaka, sasa twende kwenye waifai. Ruta inarusha mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 5 yana mbio lakini yanachoka yakikutana na kuta. Ya 2.4 ni ya polepole, ila yanafika mbali, mpaka ile korido ya juu ambako wajenzi wanapenda kuweka thamostati. Thamostati nyingi, hasa za bei nafuu, zinasikia 2.4 tu, na mbio hazizihitaji. Shida inakuja kwa sababu ruta za sasa zinatoa jina moja kwa mawimbi yote mawili, simu yako inakaa kwenye 5, na thamostati inashindwa kuelewana nayo wakati wa kuunganishwa. Fungua programu ya ruta uzime 5 kwa muda, uunganishe, kisha uiwashe tena. Au tengeneza mtandao wa wageni wa 2.4 peke yake, uiachie thamostati na vifaa vingine vya nyumbani. Mimi napendelea hii ya pili, kwa sababu hata ukibadili paswedi ya familia kwa ajili ya watoto, thamostati haiguswi. Ukiwa hapo hapo tazama usalama: WPA2 na WPA3 ni aina za ulinzi wa waifai, na ikiwa ruta imewekwa WPA3 pekee, ibadilishe iwe ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Simu nayo iandae. Washa Bluetooth, ruhusu programu ya thamostati itumie mahali ulipo, na kwenye iPhone iruhusu itafute vifaa vilivyo kwenye mtandao wa nyumbani. Zima VPN. Najua unaitumia kuangalia mpira, zima tu kidogo.

Kuanzia hapo programu itakuongoza: unafungua akaunti, unapiga picha msimbo ulio kwenye kioo au kwenye karatasi, unachagua mtandao, unaandika paswedi. Herufi kubwa na ndogo zina maana. Kwenye zile Nest za mduara za mwanzo unazungusha pete kuchagua herufi moja moja, na ukiwa na paswedi ndefu utaijuta. Baadhi ya Honeywell zina staili yake: thamostati inatengeneza mtandao wake wa muda, unaiunga simu kwenye mtandao huo kwanza. Simu italalamika kwamba hakuna intaneti na itataka kuondoka. Chagua kubaki, na zima data ya simu ili isikutoroke.

Kwenye apatimenti ambako waifai ni ya jengo zima na inakufungulia ukurasa wa kuingiza jina na paswedi, hakuna ujanja. Thamostati haiwezi kujaza ukurasa ule. Nenda ofisini na namba ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, iliyo kwenye mipangilio ya thamostati, uwaombe waisajili.

Umenunua nyumba na thamostati imo ukutani? Huenda bado iko kwenye akaunti ya aliyekuuzia, na anaweza kupandisha joto lako akiwa Florida. Irudishe kama ilivyotoka kiwandani, na ikigoma mwombe aiondoe kwenye akaunti yake. Na kama unanunua ya mtumba, uliza ni ya kizazi gani. Tarehe 25 Oktoba 2025 Google iliziondoa kwenye programu Nest za kizazi cha kwanza na cha pili, za 2011 na 2012. Ukutani zinafanya kazi, kwa simu huzipati tena.

Ikishaungana, kuna kitu kimoja nitakuomba ukikague usiku huohuo. Thamostati hizi zinajaribu kutambua kama nyumba ina watu, na njia mojawapo ni kuangalia simu ya mwenye akaunti iko wapi. Kwa familia ya watu wawili wanaotoka asubuhi na kurudi jioni, safi. Kwetu sisi, baba yuko zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, mama zamu ya mchana, na bibi amekuja kutoka Korogwe kulea mjukuu. Simu ya bibi ni ya WhatsApp tu, haimo kwenye akaunti. Mwenye akaunti akifika kazini, thamostati inahesabu kwamba nyumba ni tupu, inashusha joto hadi digrii 62 za Farenhaiti, yaani kama 17 za Selsiasi. Bibi anavaa makoti mawili na kunyamaza, maana hataki kusumbua watu. Kizime hicho kipengele, au ingiza simu zote za nyumbani. Kisha mwonyeshe bibi jinsi ya kupandisha joto kwa mkono, na mwambie ana ruhusa.

Kwa ratiba, 68 mchana inatosha watu wengi, hata kama aliyefika juzi kutoka Dar atadai 80. Ukisafiri usizime kabisa. Usishuke chini ya 55, na washa taarifa ya joto la chini.

Mwisho, siku ukihama kampuni ya intaneti na kuletewa ruta mpya, usianze kuunganisha kila kitu upya. Ingia kwenye ruta mpya, ipe jina lilelile la waifai na paswedi ileile ya zamani, herufi kwa herufi. Ukiwa na mtandao wa wageni, nao uufanyie vivyo hivyo. Thamostati, kamera na televisheni vitarudi vyenyewe ukiwa jikoni unachemsha chai.