Umeme wa Tope la Mikoko: Jinsi ya Kuwapa Bakteria Pa Kupumulia

Mimi ni fundi redio, Ngamiani, Tanga, na vijana wanaojifunza kibandani kwangu huanza na ndoo ya tope.

Tope langu hulichota Tongoni, maji yakitoka. Usikate mizizi ya mikoko. Fukua ile ngozi ya kahawia ya juu mpaka ukute tope jeusi linalonuka yai viza. Weusi ule ni chuma kilichoungana na salfa, na harufu inakuambia oksijeni haifiki pale. Bakteria wa humo wanakula mabaki ya majani, na kila anayekula lazima apate pa kutua elektroni, yaani chembe ndogo mno zinazobeba umeme. Sisi tunazitua kwenye oksijeni tunayovuta. Bakteria aitwaye Geobacter, aliyepatikana mwaka 1987 kwenye tope la mto Potomac, Marekani, huzitoa nje kabisa ya mwili wake kwa protini zenye chuma zinazopokezana, hadi kwenye kutu. Jamaa zake wamo kwenye tope la bahari pia. Tutawawekea kaboni badala ya kutu.

Toa vijiti vya kaboni kwenye betri za tochi zilizokwisha, zile za zinki. Za simu usiziguse. Vaa glovu, sugua unga mweusi wote utoke. Zika kijiti kimoja chini kabisa ya tope, mimina maji ya bahari taratibu juu yake, kisha ning'iniza kijiti cha pili karibu na uso wa maji. Elektroni zitapita kwenye waya kutoka kijiti cha chini hadi cha juu, ambako oksijeni inazipokea, na huo ndio umeme wetu.

Hapa ndipo nawabana vijana: vijiti vyote viwili viwe kaboni, na pale waya unapoungana na kijiti pazibe vizuri kwa silikoni. Ukitia msumari na shaba, mita itacheza siku hiyohiyo, lakini huo ni umeme wa metali zinazolika. Bakteria hawamo.

Unganisha vijiti kwa waya na rizista (kipande kinachozuia umeme usipite ovyo) ya omu 1000, pima volti kati ya ncha zake mbili kila siku. Mwanzoni ni kama hakuna kitu. Bakteria wanahitaji siku nyingi, pengine wiki, kuota kwenye kaboni. Ndoo ya pili yenye tope lililochemshwa iweke kando ulinganishe. Nayo huweza kutoa kidogo, kwa sababu salfaidi, ile salfa ya tope jeusi, yenyewe huachia elektroni. Taa ya LED haitawaka kwa ndoo moja, maana hata nyekundu hutaka karibu volti 2, na tope halifiki hata 1.

Maji yakipungua, ongeza ya mvua au kisima, si ya bahari. Kinachokauka ni maji. Chumvi yote inabaki ndooni.