Elektrodi za mabomba ya baridi: soma mpaka mwisho wa namba

Mafundi wenzangu wa Unguja na Pemba mnaochomea mabomba ya amonia kwenye viwanda vya barafu na vyumba vya kugandishia samaki, msiishie kwenye 7018 mnaposoma namba ya elektrodi, yaani fimbo ya kuchomea. Amonia huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Kwa kiwango cha Marekani cha AWS A5.1, E7018 ya kawaida hupimwa kwa kugonga chuma kilichochomewa nayo kikiwa nyuzi 29 chini ya sifuri, kuona kama ni kigumu kuvunjika kwenye baridi; kinatakiwa kifikishe jouli 27 za nguvu ya pigo. Kwa hiyo baridi ya amonia imeshapita kipimo hicho. Yenye "-1" mwishoni, yaani E7018-1, hupimwa nyuzi 46 chini ya sifuri, jouli zile zile. Hako ka-moja kameandikwa kwenye ganda, karibu na ncha ya kushikia, na wengi tunakafunika kwa kidole.

E6013 ya mageti wala haitakiwi kupimwa kugongwa. Iacheni huko huko kwenye mageti.

Muuzaji akikupa karatasi, angalia ni cheti gani cha EN 10204, kiwango cha Ulaya cha vyeti vya ukaguzi wa bidhaa za chuma. Cha 2.2 si vipimo vya mzigo wako hasa, omba 3.1, kisha linganisha namba ya lot (kundi lililotengenezwa pamoja) ya cheti na ya kwenye boksi. Mimi nishawahi kupewa cheti kizuri cha boksi jengine kabisa!

Na kwa unyevu wetu huu wa bahari, ukishafungua boksi weka kwenye oveni, nyuzi 120 mpaka 150. Kabati la mbao si oveni.